Upepo Unapogusa Manga

Genge la Manga liko pale Kisii inapopakana na Nyamira. Mashamba ya migomba na chai yanapanda taratibu, kisha mwamba unakatika ghafla. Wazee wa Gusii wana masimulizi yao kuhusu Engoro ya Mwaga, lile shimo la Manga, na vijana hupanda huko siku za mapumziko kupiga picha. Mimi Manga hunivutia kwa ajili ya kitu kisichoonekana kwenye picha. Mchana, ardhi ikishapata joto, upepo hutoka Ziwa Victoria ukapanda nyanda hizi za juu. Ukifika kwenye ukuta kama ule hauna budi kupanda, kuongeza kasi ukingoni, kisha kuachana na ardhi na kujizungusha upande wa pili. Tunawezaje kuuiga upepo huo ndani ya kompyuta bila kujidanganya?

Milinganyo inayoeleza mwendo wa maji na hewa tunayo tangu zamani. Claude-Louis Navier aliianza mwaka 1822, na George Stokes akaipa sura tunayoijua mwaka 1845. Taabu ni kwamba haitatuliki kwa kalamu isipokuwa katika hali chache rahisi mno. Kwa hiyo hewa yote iliyo juu ya kilima hukatwakatwa kuwa vijumba, mamilioni ya vijumba vinavyogusana bila kuacha mwanya. Kila kijumba hupewa kasi yake na shinikizo lake, na kompyuta huhesabu kinachoingia na kinachotoka, ikirudia mpaka namba zitulie. Vijumba hivyo kwa pamoja ndivyo wavu. Wanaoanza fani hii hudhani ugumu uko kwenye milinganyo. Kumbe kinachokula siku za watu ni kusuka wavu, na sehemu ya wavu inayokula siku nyingi kupita zote ni ile nyembamba inayogusa ukuta.

Sababu yake ni hii: hewa iliyogusana kabisa na mwamba haitembei. Imenata. Kasi yake ni sifuri hata kama juu yake upepo unang'oa mabati. Mwaka 1752, Jean le Rond d'Alembert, Mfaransa, alipiga hesabu zake bila kujali mnato, akapata kwamba kitu kinachosafiri majini kwa mwendo usiobadilika hakikabiliwi na upinzani wowote. Mvuvi yeyote aliyewahi kushika kasia angemcheka, lakini hesabu zenyewe hazikuwa na kosa, na fumbo hilo likawakaa wataalamu kooni kwa miaka mia moja na hamsini. Agosti 1904, katika mkutano wa wanahisabati huko Heidelberg, Ujerumani, Ludwig Prandtl, mwalimu wa ufundi mitambo kutoka Hannover, alipewa dakika kumi za kuzungumza. Makala yake ilikuwa na kurasa nane tu. Alichosema ni kwamba mnato unaweza kupuuzwa karibu kila mahali, isipokuwa ndani ya tabaka jembamba linaloshikamana na ukuta. Humo kasi hupanda kutoka sifuri hadi kasi kamili ya mkondo, humo ndimo msuguano unamozaliwa, na humo ndimo mkondo unamoamua kuendelea kuushika ukuta au kuuacha. Hilo ndilo tabaka la mpakani.

Kisii na Nyamira zinalitumia tabaka hili kila siku bila kulitaja. Jani la chai lenye urefu wa sentimita 5, likipitiwa na upepo mpole wa mita 1 kwa sekunde, huvaa tabaka ambalo kufikia ncha yake limefika unene wa karibu milimita 5. Mvuke wa maji unaotoka kwenye jani hauna njia nyingine ila kupenya humo. Ukiuongeza upepo mara nne, tabaka linapungua unene kwa nusu, na jani linakauka haraka zaidi. Katika viwanda kama Kebirigo, Sanganyi, Nyansiongo, Kiamokama au Ogembo, majani mabichi hutandazwa kwenye mahori marefu yenye wavu chini, na feni hupuliza hewa ipenye katikati yake kwa saa nyingi mpaka yanyauke vizuri. Feni hiyo kazi yake kubwa ni kulikondesha tabaka la Prandtl kwenye kila jani.

Jani ni mfano mwepesi, kwa kuwa mkondo wake ni tulivu na tabaka lake unaweza kulipima kwa rula. Mambo hubadilika ukishuka mto. Sondu, mto unaopita mpakani mwa Nyamira na Kericho ukielekea ziwani, huendesha mitambo ya umeme ya Sondu Miriu, yenye uwezo wa megawati 60, iliyoanza kazi mwaka 2008. Maji huingia kwenye handaki refu, kisha huporomoka kwenye bomba hadi kwenye magurudumu yenye mapanga yaliyopindwa. Tuseme tunataka kuiga maji yanayopita kwenye panga mojawapo. Vipimo vinavyofuata nimevichagua kwa ajili ya hesabu, sikuvitoa kwenye michoro ya mtambo wenyewe: panga lina upana wa nusu mita na maji yanapita kwa mita 20 kwa sekunde.

Karibu na ukuta wa panga hilo, milimita haina maana yoyote kwa maji. Kipimo kinachofaa hutokana na mnato na msuguano wa pale pale ukutani, na mafundi hukiandika y+. Chini ya y+ ya 5, mnato ndio mtawala na kasi hupanda kwa mstari ulionyooka. Kuanzia 30 kwenda juu, msukosuko umeshika hatamu, na kasi hufuata kanuni ya logi aliyoichapisha Theodore von Kármán mwaka 1930. Kati ya 5 na 30 ni ardhi isiyo na mwenyewe: hakuna kanuni kati ya hizo mbili inayoshika vizuri, na kijumba chako cha kwanza kikiangukia hapo utapata jibu ambalo hata kosa lake huwezi kulikadiria. Kwa hiyo njia ni mbili. Ama kijumba cha kwanza kiwe chembamba hadi y+ ya 1, ili mnato uonekane waziwazi, ama kianze juu ya 30 na pengo la chini lizibwe kwa kanuni ya logi.

Njia ya pili ni rahisi na mimi siipendi kwa kazi za namna hii. Kanuni ya logi ilitokana na mikondo inayoteleza sambamba na ukuta. Maji yanayotaka kuliacha panga hayaifuati, na anayechunguza mtambo anatafuta hasa pale maji yanapoliacha panga, kwa sababu hapo nguvu inapotea na chuma kinaumia. Anayeziba pengo kwa kanuni hiyo amekwisha kuiambia kompyuta jibu kabla ya kuiuliza.

Basi tushike njia ya kwanza. Ukipiga hesabu, y+ ya 1 kwa panga letu ni umbali wa karibu maikromita 1.5. Unywele wa mtu una unene wa maikromita kama 70. Tungejaribu kutumia vijumba vya mchemraba vya ukubwa huo, mita moja ya mraba ya uso ingedai vijumba zaidi ya bilioni 400 kwa tabaka moja tu, na hakuna kompyuta ya kuvibeba. Wokovu wetu ni kwamba tabaka la mpakani lina haraka upande mmoja tu. Ukienda juu kutoka ukutani, kasi inabadilika ghafla. Ukienda sambamba na ukuta, inabadilika polepole. Kijumba kinaweza kuwa na urefu wa milimita 1 na upana wa milimita 1 huku unene wake ukiwa maikromita 1.5, yaani urefu ukizidi unene zaidi ya mara 600, na hesabu isidhurike. Mita ya mraba sasa inahitaji vijumba milioni moja kwa tabaka.

Tabaka la pili huwa nene kidogo kuliko la kwanza, la tatu kuliko la pili. Uwiano uliozoeleka ni 1.2. Kwa uwiano huo, ukianzia maikromita 1.5, matabaka 40 yanakufikisha sentimita 1 kutoka ukutani, na hapo tabaka la mpakani la panga letu limekwisha kufunikwa, kwa kuwa mwishoni mwa panga unene wake ni milimita 7 hivi. Tabaka la arobaini lenyewe lina unene wa karibu milimita 1.8, kwa hiyo linakabidhiana vizuri na vijumba vya kawaida vilivyo nje, vya milimita moja au mbili. Makabidhiano hayo yana uzito wake. Kijumba chembamba kikikaa jirani na kijumba kinono mara kumi yake, kosa huzaliwa kwenye mpaka wao na kusafiri na mkondo.

Atakayemenya mgomba ataelewa umbo tunalotafuta: magamba yaliyofumbatana, kila moja likifuata mgongo wa lililo chini yake. Namna ya kuyapata ni kuanza na uso. Uso wa panga, au wa kilima, hufunikwa kwa pembetatu ndogo. Kisha kila pembetatu inasukumwa kutoka ukutani, hatua baada ya hatua, na kila hatua inaacha nyuma yake prizimu moja, kijumba chenye sakafu na dari za pembetatu na kuta tatu. Ukimaliza matabaka, nafasi kubwa iliyobaki hujazwa kwa vijumba vya nyuso nne za pembetatu, ambavyo vinaweza kuingia mahali popote kwa kuwa havina adabu ya mpangilio.

Kwenye bamba bapa, kazi hiyo mtoto anaifanya. Vita viko kwenye kona. Kila nukta ya uso lazima ipewe mwelekeo wa kusukumiwa, na mwelekeo huo lazima uzione pembetatu zote zinazokutana hapo bila kujificha nyuma ya hata moja. Kwenye kona ya ndani, kama pale panga linapoungana na kitovu chake, mielekeo hugeukiana. Matabaka yanayopanda kutoka kuta mbili hukutana kabla hayajamaliza safari, na yakilazimishwa kuendelea hupenyana. Hapo huzaliwa kijumba chenye ujazo hasi, kitu ambacho hesabu haiwezi kukimeza, na programu husimama. Kwenye kona ya nje iliyo kali, kama ukingo wa nyuma wa panga, mambo ni kinyume chake: mwelekeo mmoja hautoshi, matabaka yanavutwa mpaka yanalala chali, na inabidi mwelekeo huo upasuliwe kuwa mingi inayotandaza vijumba kuuzunguka ukingo. Halafu kuna sehemu finyu ambako kuta mbili hutazamana kwa karibu, kila moja ikidai matabaka yake 40 huku nafasi ikitosha 15.

Dawa zipo, na kila dawa ina gharama. Unaweza kuyapunguza matabaka unene kadiri kona inavyobana, kulainisha mielekeo ili nukta jirani zisikinzane, au kuyakatiza matabaka kwa ngazi na kuziba ngazi hizo kwa piramidi. Wengine huacha matabaka yagongane, kisha wanafuta yaliyoharibika na kujaza upya. Nimeona wavu uliosukwa kwa ustadi mkubwa ukaharibiwa na kona moja isiyozidi ukucha.

Programu za kufanya haya yote zinapatikana bure. Gmsh, iliyoandikwa na Christophe Geuzaine na Jean-François Remacle, husukuma matabaka kutoka kwenye uso kwa amri chache. OpenFOAM, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2004, ina chombo kiitwacho snappyHexMesh kinachofuata njia tofauti: huanza na michemraba, hukata ile iliyo karibu na uso, huinyoosha ishike uso, kisha huusogeza wavu wote mbali kidogo na ukuta na kuingiza matabaka kwenye mwanya uliopatikana. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisii mwenye kompyuta ya mkononi anaweza kuvitumia vyote viwili leo usiku bila kumwomba mtu leseni.

Ila asikubali kila anachoambiwa. Chombo hiki cha pili kikiona kwamba tabaka litaharibu ubora wa vijumba mahali fulani, hulirudisha nyuma, na ikibidi hulifuta kabisa mahali hapo, kimya kimya. Mwishoni hutoa ripoti ya sehemu ya uso iliyopata matabaka. Mtu akisoma asilimia 92 hufurahi na kwenda kulala. Angefungua picha angeona asilimia 8 zilizokosa ziko wapi: kwenye kona, kwenye kingo, pale pale mkondo unapouacha ukuta. Sehemu bapa, ambazo hata kwa vidole ungeweza kuzihesabu, zimevaa matabaka yote. Kwa wavu wa namna hii wastani hauna thamani. Mimi husema afadhali matabaka 10 yasiyokatika popote kuliko 40 yaliyotoweka ukingoni, na wapo wanaobishana nami kuhusu hilo.

Sasa turudi Manga, ambako kanuni ya y+ ya 1 inageuka kichekesho. Ukuta hapa ni mashamba. Kichaka cha chai kilichopogolewa hufika kiunoni, na juu yake pametandaa sawasawa kiasi kwamba upepo huliona shamba zima kuwa uso mmoja wenye mikwaruzo. Mgomba ni mrefu kuliko mtu, na mikaratusi hupita paa la ghorofa. Kijumba cha maikromita kikae wapi, kwenye jani lipi? Kwa ardhi, tabaka la kwanza linaweza kuwa na mita 2 juu ya chai, na ukwaruzo wa uso uingizwe kwenye kanuni ya logi. Hapa naikubali kanuni hiyo kwa shingo upande, kwa kuwa hakuna mbadala. Juu ya migomba na mikaratusi, tabaka la mita 2 linazama ndani ya miti, kwa hiyo miti yenyewe inabidi iingizwe kwenye milinganyo kama kitu chenye vinyweleo kinachoipunguzia hewa kasi inapopita. Anayeichukulia miti kuwa ukwaruzo tu, kisha akakiweka kijumba cha kwanza katikati ya matawi, atapata namba, na namba hizo hazitakuwa na maana.

Umbo la ardhi nalo tunalipata kutoka angani. Februari 2000, chombo Endeavour kilizunguka dunia siku 11 kikipima miinuko kwa rada. Vipimo vya Afrika vya kila mita 30 hivi vilifunguliwa kwa umma mwaka 2014. Kwa vilima vya kawaida vya Nyamira vinatosha. Kwa genge vinadanganya. Kati ya nukta mbili zilizoachana mita 30, mwamba wima hugeuka mteremko, na ukingo mkali unakuwa bega la mviringo. Rada nayo mara nyingi ilisoma vilele vya miti badala ya udongo, hivyo shamba la mikaratusi linaweza kujitokeza kama kilima. Ukisuka wavu mzuri juu ya umbo hilo, upepo utashikamana na bega hilo bandia kwa urahisi, ilhali kwenye mwamba halisi ungeachana nao ukingoni. Ni heri kurusha droni na kupima ukingo upya kuliko kuongeza vijumba milioni kumi juu ya genge lililokwisha kulainishwa.

Wadenmaki walitupatia somo kuhusu jambo hili. Bolund ni kilima kidogo kwenye ghuba ya Roskilde, chenye kimo cha mita 12 tu, na upande mmoja kimekatika kama genge. Kati ya 2007 na 2008 walisimamisha milingoti ya kupimia upepo juu yake, kisha wakawaalika wataalamu waige upepo huo bila kuonyeshwa vipimo. Majibu zaidi ya 50 yaliletwa. Yalitofautiana sana, ingawa kilima kilikuwa kilekile na upepo uleule, na shida ilikuwa kubwa zaidi kwenye ukingo na karibu na ardhi. Manga ni kubwa mno kuliko Bolund na ina miti juu yake.

Wataalamu wa hali ya hewa husuka wavu wa aina hiihii kwa kiwango kikubwa. Programu ya WRF, ambayo Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya huitumia, ina matabaka yanayofuata sura ya ardhi, membamba chini na manene juu, kwa sababu ileile ya Prandtl. Tatizo ni upana. Kijumba kikiwa na upana wa kilomita 4, kama ilivyo katika utabiri mwingi wa eneo la ziwa, Manga yote humezwa na kimoja au viwili. Ndiyo maana utabiri unaweza kusema kwa haki kwamba alasiri kutakuwa na radi katika nyanda za juu za Kisii, upepo wa ziwani ukikutana na ule wa mashariki, lakini usiweze kusema shamba gani litapigwa na mvua ya mawe. Mkulima wa chai anajua hasara ya mawe hayo kuliko mwandishi yeyote. Na si lazima chanzo chote kiwe juu. Mwaka 1982, Russell Schnell na mwenzake S. N. Tan-Schnell walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba majani ya chai yanayooza chini ya vichaka vya Kenya hutoa vijichembe vinavyosaidia maji kuganda kuwa barafu. Vijichembe hivyo, kama kweli hufika mawinguni, lazima kwanza vitoke ndani ya tabaka la mpakani, na safari hiyo utabiri wa kilomita 4 hauioni.

Ningepewa kompyuta ya kawaida yenye kumbukumbu ya gigabaiti 16 na kuambiwa niige upepo wa Manga, ningechukua eneo la kilomita 6 kwa 4. Kotekote ningeweka miraba ya mita 20, inayozaa nguzo 60,000 za vijumba. Ukingo wenyewe, kilomita 3 za urefu na mita 400 za upana, ningeupa miraba ya mita 5, yaani nguzo nyingine 48,000 kwa sehemu iliyo moja kwa ishirini ya eneo lote. Kwenda juu ningeanzia mita 2 kwa uwiano wa 1.15, ambapo matabaka 36 yanafika kilomita 2. Jumla yake haifiki vijumba milioni 4, na vinaingia kwenye mashine hiyo bila kusongamana. Kisha ningeurudia wavu wote mara mbili, mmoja mkonde zaidi na mmoja mnono zaidi, nikitazama sehemu moja tu: mita 10 juu ya ukingo. Kasi ya hapo ikibadilika kwa zaidi ya asilimia chache kutoka wavu hadi wavu, sipeleki namba hizo kwa mtu yeyote, hata picha ziwe na rangi nzuri namna gani. Ikitulia, bado ningeomba mlingoti mmoja usimamishwe pale juu, wenye vipima-upepo vya bei nafuu kwenye mita 2, 5 na 10, uachwe msimu mmoja wa mvua.